Nimeambiwa Adui Yumo Nyumbani Mwangu, Nisimameje?

Bwana Yesu asifiwe, mama.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Leo naituma kama ilivyo kwa sababu siku zimenibana.

Nina miaka 34, nimeolewa miaka tisa sasa, na tuna watoto wawili. Niliokoka nikiwa msichana na sijawahi kurudi nyuma. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ila usije ukadhani nimeanza imani juzi.

Mwaka jana nilianza kushtuka usiku, mara nyingi saa tisa. Macho yanafunguka, naliona pazia, namsikia mume wangu akipumua pembeni, lakini mwili hauendi. Kuna uzito kifuani kama mtu amenikalia. Nataka kulitaja jina la Yesu na ulimi hautikisiki. Kisha inaniachia ghafla, nabaki natetemeka jasho likinitoka. Huo uzito ningeuvumilia. Kinachonitisha ni kushindwa kulitaja lile jina.

Ndipo nikajiunga na kikundi cha waombezi. Tunakesha usiku tatu kwa wiki. Sitaki kuwasema vibaya, mama. Wamenipenda, wamelia pamoja nami, na siku nilipokuwa sina nguvu ya kuomba waliomba wao. Mwezi uliopita, baada ya maombi, kiongozi wetu alinivuta pembeni akaniambia ameonyeshwa chanzo. "Ni mwanamke aliyemo nyumbani mwako, si wa damu yako, na alikuja na begi." Hakutaja jina wala hakuhitaji kulitaja. Wifi yangu, dada wa mume wangu, anaishi kwetu tangu ndoa yake ivunjike, na alifika na begi moja tu. Nikihesabu, kukabwa kulianza kama miezi miwili baada ya yeye kuja.

Tangu siku hiyo sina amani naye. Akitoka, napaka mafuta kwenye mlango wa chumba chake na kukemea. Akipika, natafuta sababu watoto wasile. Wiki iliyopita mtoto wangu mdogo alikuwa anakohoa, wifi akamletea maji kwenye kikombe. Mtoto akanyoosha mkono, akanitazama mimi, akaurudisha mkono. Sikuwa nimemwambia neno lolote. Wifi hakusema kitu. Aliyamwaga maji polepole, akakiosha kikombe, akakifuta, akakirudisha mahali pake, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango. Tangu hapo hata usiku ambao sikabwi silali, na sijui tena kama hii ni vita au ni dhamiri.

Nimeagizwa mfungo mkavu wa siku 21, hakuna chakula wala maji mpaka jua lizame. Leo ni siku ya sita. Nimeambiwa kabla haujaisha wifi awe ameondoka, la sivyo vita vitawahamia watoto. Mimi nina presha na kidonge changu nakunywa asubuhi. Tangu nianze kufunga nimekiacha. Hakuna aliyeniambia nikiache. Niliona tu kwamba kumeza kidonge kwa maji ni kuvunja agano. Ikifika mchana kichwa kinaniuma sana.

Mume wangu anasema dada yake hawezi kufukuzwa kwa sababu ya maono ya mtu ambaye hajakaa naye hata dakika tano. Anataka nikiache kikundi. Kiongozi naye anasema mume wangu amefungwa macho. Nikiacha mfungo katikati, si nitakuwa nimempa Shetani nafasi? Nikiendelea, naiona nyumba inapasuka. Na nisipokesha, nani atawalinda watoto wangu? Mkristo anasimamaje imara, mama, ikiwa hata jina la Yesu linamshinda kulitamka?

Niliyechoka Vitani

*

Amina, mwanangu. Barua yako niliisoma jioni, nikairudia asubuhi, na mara zote mbili nilikwama kwenye kile kikombe. Nitakirudia. Lakini lipo la haraka kuliko yote, nalo nalisema kwanza.

Nenda kapime presha leo, usingoje siku ya 21. Zipo dawa za presha ambazo ukizikatiza ghafla presha hupanda kwa kasi, na hicho kichwa cha kila mchana huenda ni cha kiu na njaa, huenda kikawa cha presha. Wewe huko na mimi huku hatuwezi kujua bila kipimo. Mwambie daktari umeacha dawa siku sita na kwamba unafunga, akueleze namna ya kuirudia. Kidonge hakivunji agano na Mungu. Paulo yule yule aliyeandika habari za silaha za Mungu alikuwa na Luka karibu naye, akamwita "tabibu mpendwa", na alipojua tumbo la Timotheo linamsumbua alimshauri kitu cha kutumia kwa ajili ya tumbo hilo. Hakuona kwamba kufanya hivyo kunapunguza imani ya kijana wake.

Sasa tukae chini tuzungumze.

Nikikuelewa vizuri, kuna hofu inayokujia usiku, kuna watu wanaokupenda waliokueleza hofu hiyo inatoka kwa nani, na kuna mume anayekataa maelezo hayo. Wewe uko katikati, na kila upande unaambiwa ukiugeukia umemsaliti mtu: Mungu huku, mumeo kule. Mtu yeyote angechoka. Sikuoni kama mwenye imani ndogo. Namwona mama aliyesimama zamu peke yake usiku baada ya usiku.

Nianze na ulimi wako, maana naona ndipo hofu yako ilipo. Hali unayoieleza, macho wazi, mwili umekufa ganzi, uzito kifuani, hisia kwamba kuna mtu chumbani, wazee wetu waliiita jinamizi, na madaktari wa usingizi wanaifahamu. Tunapoota, misuli ya mwili hulegezwa ili tusiamke tukaitenda ndoto. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa, na kwa sekunde kadhaa, au dakika moja au mbili, unakuwa macho ndani ya mwili ambao bado umelala. Ulimi nao ni msuli. Usingizini hapo usingeweza kutamka hata jina la mwanao. Inawatokea waumini na wasioamini, na huwafuata zaidi wenye mawazo mazito, wanaolala chali, na zaidi ya wote wasiopata usingizi wa kutosha. Tazama basi mzunguko huu: unakabwa, unakesha ili usikabwe, mkesha unakula usingizi, na upungufu wa usingizi unaleta kukabwa kwingine.

Je, nakuambia hakuna la rohoni? Sikuambii hivyo. Naamini yupo adui, na sioni kwa nini asimsumbue mtu aliyechoka kupitia huo uchovu wake. Petro anaposema Ibilisi huzunguka-zunguka kama simba angurumaye, anatanguliza "Mwe na kiasi na kukesha". Kiasi kimewekwa kwanza. Ninachotaka ulione ni kwamba lile jina halikuzuiwa. Warumi 8 inasema tusipojua kuomba jinsi itupasavyo, Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Mungu aliyeandaa msaada wa namna hiyo hakushangazwa na ulimi wako saa tisa usiku.

Umeniuliza Mkristo anasimamaje. Neno hilo umelichukua Waefeso 6, kwa hiyo turudi huko, na tuwatazame kwanza walioandikiwa. Watu wa Efeso hawakuwa wageni wa mambo ya giza. Matendo 19 inasimulia walivyochoma hadharani vitabu vyao vya uganga, na thamani yake ikahesabiwa ikafika vipande vya fedha 50,000. Hao ni watu ambao tangu utoto walifundishwa kuuliza ni nani kanitupia jambo hili na nimrudishie vipi. Katika barua yote Paulo hawapi njia ya kumtambua mtu aliyewatupia. Anawaambia waziwazi, "kushindana kwetu sisi si juu ya damu na nyama". Kisha anawaambia wavae silaha zote za Mungu, na wakiisha kutimiza yote, wasimame. Anayesimama yuko mahali palipo pake tayari. Na silaha zenyewe si za kuunda kwa jasho letu. Fungua Isaya 59:17 uone ni nani aliyeivaa kwanza haki kama deraya kifuani na chapeo ya wokovu kichwani: ni Bwana mwenyewe. Paulo anakuvika mavazi ya Mungu, naye anayaandika hayo akiwa amefungwa minyororo, mtu ambaye kwa macho ya haraka ungesema vita vimemshinda.

Kuna kingine ambacho lugha yetu inakionyesha wazi. Ameandika vaeni, simameni, twaeni. Ni wingi. Ngao za askari wa Kirumi zilikuwa kubwa kama mlango, na walizoea kuziunganisha pembeni na juu ili mishale isipate upenyo. Askari mmoja na ngao moja ana upande ulio wazi. Ninapokusoma naona umeachwa usimame peke yako nyumbani mwako, na kila aliye upande wako kwa ndoa umeelezwa kwamba ama ndiye adui, ama amefungwa macho na adui. Hapo nina wasiwasi, na nakuomba nawe ukae nao kidogo wasiwasi huo.

Uliandika kuhusu kumpa Shetani nafasi. Maneno hayo nayo yamo katika barua hiyo hiyo, sura ya 4 mstari wa 27. Yasome pamoja na mstari unaoyatangulia: jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka, wala msimpe Ibilisi nafasi. Hapo nafasi anayopewa Ibilisi ni uchungu unaolala na kuamka kati ya watu wanaoishi pamoja. Mfungo ulioachwa katikati hautajwi. Sikusomei haya ili nikuhukumu. Nakusomea kwa sababu umekuwa ukilinda mlango mmoja kwa mafuta, na huenda upo mwingine ambao haujautazama.

Kuhusu maono ya kiongozi wako, sitasema ni ya uongo, kwa kuwa sikuwepo, na Paulo aliwaonya Wathesalonike wasitweze unabii. Lakini hakuishia hapo, aliendelea, "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Kwa Wakorintho aliagiza manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Kupima si kuasi. Kwa hiyo unaweza kujiuliza kwa utulivu: neno hili lilipimwa na nani zaidi ya aliyelisema na mimi niliyekuwa na hofu? Limezaa nini nyumbani kwa mwezi mmoja? Na mbona limekuja na tishio juu ya watoto? Nimekaa kwenye vikundi vya maombi miaka mingi, navipenda, na humo nimeona Mungu akitenda. Nimeona pia mtu mwema, anayempenda Bwana kweli, akitaja chanzo haraka kwa sababu tu alishindwa kuvumilia kumwona mwenzake analia bila jibu. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hapo walikuwa faraja. Makosa yalianza walipoanza kueleza chanzo.

Na Ayubu mwenyewe, fikiri. Sisi wasomaji tunajua kilichotokea mbinguni katika sura mbili za kwanza. Yeye hakuelezwa, hata mwisho. Danieli naye, ambaye majuma yake matatu ndiyo watu huyategemea wanapopanga mifungo ya siku 21, aliacha chakula kitamu, nyama na divai. Hakuwa akimtafuta aliyemloga. Alikuwa akiomboleza. Habari za mkuu wa ufalme wa Uajemi, aliyempinga mjumbe wa mbinguni siku 21, aliletewa baadaye, pamoja na neno hili ambalo natamani ulishike: maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza. Yaani hata siku zile zote za kungoja alikuwa amekwisha kusikiwa. Wote wawili walisimama bila kujua vita vinatoka kwa nani.

Sasa wifi yako. Nakuomba uniruhusu nikuulize jambo ambalo pengine hakuna aliyekuuliza: kabla ya maono yale, ulikuwa umemchoka? Kuishi na mtu mzima mwingine ndani ya nyumba yako, mwenye majonzi yake, bila kujua atakaa hadi lini, ni kazi. Kwamba kukabwa kulianza miezi miwili baada ya yeye kufika kunaweza kuwa na maelezo ya kawaida kabisa: nyumba ilibadilika, faragha ikapungua, mzigo ukaongezeka, na wewe, kwa kuwa ni mkwe mwema, hukusema. Mtu anaweza kuchoka na mgeni bila mgeni kuwa na ubaya wowote. Ikiwa ndivyo, una haki ya kukaa na mumeo mkazungumzia lini na vipi dada atajitegemea. Mazungumzo hayo ni halali na hayahitaji maono. Yakifanywa kwa jina la vita, yeye ataondoka na jina la mchawi mgongoni, na jina hilo halifutiki. Hilo ni jambo la kupima mapema, maana maneno hayo yakishatoka hutaweza kuyarudisha hata ukija kugundua mlikosea.

Mumeo naye simwachi hivi hivi. Anaweza kuwa na haki juu ya dada yake na bado akawa amekuacha peke yako na usiku wako. Je, anajua kinachokupata saa tisa, kwa undani ulionieleza mimi? Amewahi kuamka akakushika mkono? Inawezekana anachokipinga ni maono tu, na hajui kwamba nyuma yake yuko mke anayeogopa kufa. Ungemwambia habari za ulimi kabla ya habari za begi, sijui angejibu nini. Ni vyema ujaribu.

Njia ziko kadhaa mbele yako, na kila moja ina gharama yake. Unaweza kuendelea na mfungo kwa namna ambayo daktari ataikubali, ukikataa kwa upole lile sharti la kumwondoa mtu. Kiongozi anaweza kukuona umelegea, na itakuuma. Unaweza kupunguza mikesha kutoka usiku tatu hadi mmoja kwa muda, na hapo hatia itakusumbua mwanzoni, hasa ikitokea usiku wa kwanza ukakabwa. Unaweza kukiacha kikundi kabisa kama mumeo anavyotaka, ila kama hamjawa na mahali pengine pa kuomba pamoja, utapata amani ya nyumbani na upweke wa rohoni, na upweke huo nao una hatari yake. Unaweza kumwendea mchungaji, pamoja na mumeo, uweke maono yale mbele yake yapimwe. Ningependa njia hiyo itangulie nyingine, lakini wewe ndiye unayewajua watu hao. Kama mchungaji na kiongozi ni mtu mmoja, tafuteni mtumishi mwingine mzee mnayemwamini nyote wawili.

Na watoto? Uliuliza nani atawalinda usipokesha. Zaburi 121 inasema aliye mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali usingizi, na ile ya 127 inasema humpa mpenzi wake usingizi. Kulala kwako usiku mmoja, mwanangu, ukiwa umemwachia yeye zamu, ni imani pia. Eliya alipochoka mpaka akajiombea kufa, malaika hakumletea mkesha. Alimgusa ale, akalala tena, akamgusa mara ya pili ale tena, na safari ya Horebu, mlima wa Mungu, ikaja baada ya hapo.

Ikikukuta tena usiku, usipigane na ulimi. Jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu, pumua polepole, na lile jina liseme moyoni. Anasikia moyoni. Mwombe mumeo kwamba akikusikia unahema kwa shida akuguse.

Kile kikombe sijui ukifanyie nini, na sitakuandikia maneno ya kumwambia wifi yako. Naona tu kwamba kati ya yote uliyonieleza, maono, mafuta, siku 21, kitu ulichokieleza taratibu zaidi ni mikono yake ikikiosha na kukirudisha mahali pake. Nadhani kuna kitu ndani yako kilimwona pale, na sidhani kilikuwa adui.

Niandikie tena. Niambie presha ilisoma ngapi, na niambie kama mtoto amewahi kumwomba shangazi yake maji.